Nyuki wa Mama Wanataka Mwenyewe

Chunkab,
Yucatán.
Jumapili, 26 Mei 1996.

Mpendwa mdogo wangu Wilbert,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako mnaolala chumba kimoja huko San Francisco. Mkono wako ulioungua unaendeleaje? Uliandika kwamba ngozi mpya imeshaota, ila vidole viwili bado ni vizito kukunja. Vikunje hivyo hivyo kila asubuhi, hata vikiuma. Usikubali mwenye mgahawa akurudishe kwenye mafuta ya moto kabla havijapona, maana yeye ana wapishi wengine na wewe mkono wa kulia unao mmoja tu.

Sisi hatujambo. Shemeji yako Ermilo mgongo unamsumbua, lakini shambani anakwenda. Binti yangu Nelsy amepona uzazi, mtoto ananyonya na analia, basi yuko sawa. Mvua haijanyesha bado. Joto ni lile unalolijua, kuku wanashinda midomo wazi. Mimi mwenyewe mwili ni mzima. Ukiuliza moyo sina la kukujibu, kwa sababu tangu Mama alipofariki sijasikia kitu humo. Niko kama mguu uliolaliwa: unajua kuwa ni wako, unaugusa, haujibu.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya nyuki. Nilitaka nikuzungushe kwanza na habari nyingine, lakini karatasi ni chache na mimi sina tena nguvu ya kuzunguka. Mama aliacha mizinga ya magogo kumi na moja yenye mabibi wazima, hao nyuki wetu wasiouma. Leo yamebaki sita. Matano yamekufa, na aliyeyaua ni mimi. Hayo sita nayo hayajapata mwenyewe, na hilo linakuhusu wewe moja kwa moja. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Barua uliyomwandikia Mama mwezi wa tatu ilifika tumeshamaliza hata sala za siku tisa. Fidelia aliniletea kutoka dukani kwake, stempu imeshabanduliwa kwa ajili ya mwanawe, na sitashangaa kama aliisoma pia. Nikaisoma nimesimama jikoni. Umeandika habari za yule Myemeni mwenye duka chini ya chumba chenu, kwamba kila asubuhi analamba kijiko cha asali iliyochanganywa na habasoda kwa ajili ya kifua, kwamba dini yake imeisifu asali, na kwamba kwao asali ya maua ya mkunazi huwekewa wagonjwa na wageni wa heshima tu. Umeandika jinsi alivyokupaka asali mkono ulipoungua, akakufunga kitambaa safi, na muuguzi wa kliniki alipokifungua akanusa, akauliza nani kafanya hivi, kisha akakwambia uendelee. Na yule bibi wa Kichina anayemenya mboga, aliyekupa asali na tangawizi kwa maji ya uvuguvugu, akakugombeza ulipotaka kuichemsha.

Najua uliandika yote hayo ili Mama acheke na aringe. Angeringa kweli. Kisha angeanza maswali: Nyuki gani hao? Wanauma au hawaumi? Waliomba ruhusa kabla ya kufungua? Kwa Mama, asali usiyowajua nyuki wake ilikuwa peremende tu. Nilijaribu kucheka kwa niaba yake, sikuweza, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla hajafariki aliniita. Alikuwa amelala kwenye machela yake ya buluu ya kuning'inia, ile aliyoisuka mwenyewe, na Ermilo alikuwepo anashona kiatu. Mama akasema, hata kichwa hakuinua:

"Landy, mabibi ni wa Wilbert. Akirudi atawakuta."

"Akirudi lini, Mama?"

"Akirudi."

"Na mpaka arudi?"

"Si upo wewe?"

Ermilo alinitazama, kisha akarudi kwenye kiatu chake. Si upo wewe. Miaka tisa uliyoondoka nimekanda udongo mwekundu wa kuziba magogo, nimefukuza sisimizi, nimepika uji mweupe wa kuwapa, nimekaa na wajawazito wa watu mlangoni nikiwazuia wasikaribie kibanda cha nyuki, maana ni mwiko. Kimbunga cha Gilberto kilipokuja, mimi na Ermilo ndio tuliobeba magogo kuyaingiza ndani. Tuliyalaza kwenye machela zetu na sisi tukalala sakafuni kwenye maji. Wewe tulikuwa tunakusimulia kwa barua, nawe ukajibu kwamba huko kwenu kulikuwa na ukungu.

Sikugombana naye. Ningegombana ingekuwa afadhali. Unajua ilivyo mwiko kwetu kupaza sauti katika nyumba yenye mabibi, hata mtoto hachapwi, na mtu na mkewe wakitaka kutukanana wanakwenda barabarani. Kwa hiyo nilinyamaza. Siku sita nilimwosha, nikamlisha, nikambadilisha nguo, na sikumwambia neno ila "inua mkono" na "geuka". Mama hakuuliza. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Jicho langu la kushoto unalikumbuka, lile lenye kinyama kinachotambaa kuelekea kwenye mboni. Mama alikuwa akinitia tone moja la asali kila asubuhi kwa ncha ya unyoya. Hakumruhusu mtu ajitie mwenyewe, alisema mkono wa mtu unajionea huruma. Basi hata zile siku sita, hawezi kuketi, anameza kwa shida, ikifika asubuhi ananiita.

"Inama."

Nainama.

"Usifumbe."

Mkono unatetemeka, tone linaangukia shavuni, anachovya tena. Siku ya sita alijaribu mara nne ndipo likaingia, na chupa ikawa imekwisha. Sikumwambia hata ahsante. Siku ya saba, Jumanne alfajiri, nilimkuta ameshaondoka. Nilipokupigia simu hilo sikukuambia, kwa sababu Fidelia alikuwa amesimama pembeni ya kibanda chake cha simu akijifanya anahesabu soda.

Unajua kinachotakiwa kufanywa. Kabla mwili haujatoka, mtu wa nyumbani aende kwa mabibi, agonge gogo moja moja kwa kifundo cha kidole, awaambie kwamba aliyekuwa mwenyewe amefariki, na mwenyewe sasa ni fulani. Baba alipofariki, Mama aligonga na wewe ulishika bakuli la uji. Mimi siku ile nilikwenda peke yangu. Nikagonga gogo la kwanza. Nyuki mlinzi akatoa kichwa pale kwenye kitundu, chini ya msalaba uliochongwa, akanisubiri.

Nikafungua mdomo, jina likanishinda. Nikisema Wilbert, nawapa mwenyewe ambaye hayupo, ambaye hakuna hata mmoja wao aliye hai leo aliyewahi kumwona. Nikisema Landy, namnyang'anya marehemu neno lake hata hajatoka ndani. Nilisimama hapo mpaka uji ukaganda juu. Kisha nikaumwaga mlangoni mwa kibanda, nikarudi.

"Umewaambia?" Ermilo akaniuliza.

"Nimewaambia."

Ukaja uongo wa pili, huo ndio mkubwa. Tulipoanza sala za siku tisa, nyumba ilijaa kila jioni. Wanawake walilia, wanaume walitoka nje kulia, hata yule muuza mikate aliyekuwa akigombana na Mama kila Jumamosi alilia. Mimi niligawa chokoleti ya moto na mkate, nikakusanya vikombe, nikaosha, nikagawa tena. Macho makavu. Si kwamba nilikuwa najikaza. Hakukuwa na kitu cha kukikazia.

Siku ya tatu Fidelia akanifuata jikoni, mkono kiunoni.

"Landy, shoga, hata chozi moja? Umekaa kama jiwe la kusagia."

"Sina, Fidelia."

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wanasema wewe na marehemu mlikuwa hamsemeshani. Wanasema nyumba ikiwa na ugomvi mabibi hawakai, na huko kibandani kwenu kumenyamaza. Mimi nimewaambia hapana, Landy namjua, Landy ana uchungu wa ndani. Lakini wewe nawe nisaidie! Nikutetee na nini?"

Watu wa Fidelia ni Fidelia na simu yake, nalijua hilo. Ila alikuwa amesema kweli bila kujua, na nilijua ikifika wiki ijayo mji mzima utakuwa umeshapata hadithi yake: Landy alimnyamazia mama yake mpaka akafa. Nilipaswa kuona aibu. Nilichowaza ni kwamba asali ya mabibi, ikiingia jichoni, inatoa machozi hata kwa maiti.

Kesho yake mchana, watu wakiwa wamelala, nilichukua kisu cha mboga nikaenda kibandani. Sikuomba ruhusa. Sikupika uji. Nilibandua udongo wa gogo la kwanza, nikang'oa kifuniko, nikaingiza mkono. Unakumbuka vile vijungu vya nta nyeusi vinavyokaa vimeshikana, na jinsi Mama alivyokuwa anatoboa kimoja kimoja kwa kijiti, taratibu, akisema nao? Mimi nilivipasua kwa vidole. Nikapasua na makinda ya nyuki yaliyokuwa nyuma. Asali ikamwagika ndani ya gogo na chini kwenye vumbi. Nyuki sita au saba walikufa mikononi mwangu, nami sikumfunga hata mmoja kwenye jani wala kumzika kama desturi ilivyo. Nilijifuta kwenye gauni. Kisha nikaziba gogo kwa udongo wa zamani uliokauka, nimeuloweka kidogo na mate na maji, maana kisimani palikuwa na foleni.

Jioni, kabla ya sala, nilijitia mwenyewe, macho yote mawili. Inawasha kama ndimu. Machozi yalitoka mpaka yakalowesha kola. Nilipotokea sebuleni wanawake wote waligeuka, na nikaona mabega yao yanashuka kwa nafuu, kama vile nimewatua mzigo. Fidelia alinikumbatia, akanipigapiga mgongo.

"Hivyo hivyo! Lia, mama, lia. Sasa unapumua."

Nilikuwa nafikiria kama sukari ya chokoleti itatosha. Nikalia hivyo siku zote zilizobaki, kila jioni tone kulia, tone kushoto. Hakuna aliyezungumza tena habari ya ugomvi. Mama aliitumia ile asali kufungua macho ya watu, mimi niliitumia kufunga midomo yao. Na utashangaa, wekundu wa jicho umepungua.

Siku ya nane baada ya sala kuisha nilikwenda kufagia kibandani nikasikia harufu. Siki. Kwenye kitundu cha gogo la kwanza mlinzi hayupo. Kulikuwa na vijiinzi vile vyenye nundu vinaingia na kutoka kama kwao. Nilipofungua, ndani kulikuwa na funza watupu. Jirani yake hivyo hivyo. Nikamtuma Ermilo akamwite Mzee Gaspar Ek, yule fundi wa nyuki.

Alikuja na baiskeli yake ya magurudumu matatu, kanywa kidogo, si sana. Akanusa udongo wangu, akauvunja kwa ukucha.

"Hili kafungua nani?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani? Kwa shoka?"

"Kwa kisu cha mboga."

"Aa! Binti wa Teófila mzima! Umempasua mtu tumbo halafu umemshona kwa uji. Hawa inzi unafikiri wamealikwa na nani? Asali ikimwagika wananusa hata wakiwa mji wa Maní kule."

Akatoa magogo mawili yaliyokufa akayatupa mbali, akaniamuru niyachome. Akaziba mengine upya kwa udongo mbichi, akaweka vikopo vya siki vya kunasa wale inzi. Alifanya kazi kwa bidii, sikutegemea. Kisha akakaa juu ya ndoo, akajifuta jasho.

"Inzi ni nusu," akasema. "Hao inzi nimewaona tangu utoto. Gogo lenye nguvu linawatoa lenyewe. Haya hayana nguvu. Mwenyewe nani sasa?"

"Wilbert."

"Wilbert yupi?"

"Wilbert ndugu yangu, Mzee. Mama alisema."

"Yule mwenye nyumba ya kuku?"

Nisamehe, ndivyo watu wanavyoiita nyumba uliyotujengea pale mbele ya kwetu, kwa sababu kuku hutagia mle. Nondo zimeota kutu juu, zinasubiri ghorofa.

"Basi mwambie aje awafukuze inzi wake," akasema Gaspar. "Au wape mtu aliyepo. Nyuki hawa si sanduku la nguo, eti utamwekea mtu mpaka aje. Wape jina, Landy. Mimi nimeziba matundu. Jina siwezi kuziba."

Hiyo ilikuwa tarehe ishirini na sita Aprili. Tangu siku hiyo yamekufa matatu mengine. Siyo inzi tena. Yamepungua tu, mlinzi anachelewa kutoka, kisha anatoka siku moja moja, kisha hatoki. Kila asubuhi naenda kugonga na kuweka sikio. Yapo yanayojibu kwa mvumo, na yapo yanayonyamaza. Yanayonyamaza nayafungua baada ya siku mbili, na ndani nakuta nta na vumbi.

Wakati huo watu hawaachi kuja. Jumatano alikuja mwanamke kutoka kijiji cha pili, kambeba mwanawe wa miaka minne aliyejimwagia maji ya chokaa ya kuchemshia mahindi, mguu mzima kuanzia gotini. Aliomba asali ya Doña Teófila. Hakujua kama amefariki. Nilimwambia haipo, aende zahanati, na alinitazama kama ninamficha. Niliifunga milango yote miwili nikakaa chini. Juzi yule daktari kijana kutoka Mérida, aliyekuwa akimcheka Mama kwa kumwita mganga wa maji ya sukari, akaja mwenyewe kwa miguu kuniuliza kama imebaki hata chupa moja, kwa sababu vidonda vya mtoto huyo havikauki. Nilimwambia tusubiri. Aliuliza tusubiri nini.

Ningeweza kukamua magogo haya sita sasa hivi. Yana asali, nayasikia yalivyo mazito. Lakini huwezi kumkamua asiye na mwenyewe mara ya pili. Mara ya kwanza nimeshaona.

Habari nyingine za hapa ni ndogo. Machungwa hayana bei. Nelsy amemwita mtoto Yamili. Anakuomba uwe baba wa ubatizo, hata kama mtu mwingine atasimama kanisani kwa niaba yako. Anakusalimu sana. Ermilo anakusalimu, anasema kiatu ulichomtumia kinambana lakini anakivaa. Fidelia anasema ukitaka kupiga simu piga Jumapili baada ya saa nane mchana. Salamu za Mzee Gaspar nimeshakuandikia hapo juu, zile za inzi wako. Msalimie huyo Myemeni wako, mwambie dada yako anamshukuru kwa mkono wako. Na yule bibi wa Kichina pia, ingawa hatuna lugha.

Nilikuwa nimeapa kwamba nitakuuliza kwanza. Barua iende, jibu lirudi, ndipo nifanye. Lakini nimepiga hesabu: wiki tatu za kwenda, tatu za kurudi, na Gaspar amekuja tena jana, akaweka sikio, akasema mabibi hawana wiki sita.

Kwa hiyo leo baada ya misa nimepika uji mweupe, nimeutia bakulini, nimevaa gauni la Mama lile lililotariziwa kwa sababu linanukia yeye, na nimekwenda. Nimegonga gogo la kwanza kati ya yale sita. Mlinzi kachelewa, lakini katoka. Nimemwambia Teófila Poot amefariki tarehe tisa Aprili. Nimemwambia nilimnyamazia siku sita na yeye akaendelea kunitia dawa. Nimemwambia nilivunja gogo la jirani yao bila ruhusa ili nipate machozi ya kuwaonyesha watu. Sikupaza sauti. Nimesema kama mtu anayetaja majina ya waliohudhuria.

Kisha nimesema lile lililobaki. Nimesema Wilbert hatarudi, mwenyewe ni mimi, Landy.

Nimelisema mara sita, gogo kwa gogo, na kwa kila gogo nikamimina uji. Ndani ya nyumba yetu hakuna aliyewahi kulitamka. Wewe miaka tisa unaandika kwamba utarudi Novemba. Mama kila Novemba alifagia nyumba yako, akatoa mayai ya kuku, akafunga mlango. Mimi nilimshikia ufunguo. Hata siku ile ya simu, Mama yuko chini ya shuka, uliniambia, "Dada, waangalie mabibi mpaka Novemba," nami nikakujibu, "Sawa." Nikukasirikie kwa lipi? Najua mpaka wa nchi ulivyo, najua ukitoka huko huingii tena, na sahani unazoosha ndizo zilizomjengea Mama jiko. Nimelijua siku zote. Leo ndiyo mara ya kwanza nimelisikia kwa masikio yangu, na ajabu ni kwamba mdomo ulikuwa wangu.

Sijui kama mabibi wamekubali. Mlinzi wa gogo la sita alinitazama kidogo, akarudisha kichwa ndani. Nitajua mvua ikinyesha. Wakibaki, chupa ya kwanza ni ya mguu wa yule mtoto, na ya pili nitakutumia wewe kwa mtu anayekuja huko.

Kwa mabibi hatusemi uongo, Wilbert, hilo ndilo jambo moja Mama alilotuchapia, tena nje barabarani. Kwa hiyo ukiona nimewadanganya, usinijibu kwa barua, wala usimpigie Fidelia. Njoo ugonge mwenyewe.

Mungu akuponye mkono na akulinde na magari na baridi ya huko, na Mama asikuondolee macho yake popote ulipo.

Wako akupendaye, dada yako,

Landy Canul Poot